Rehani na Mchicha Katika Ua Mmoja

Ukipita leo katika mitaa mipya ya miji yetu, utaona nyumba nzuri ambazo nyua zake hazioti kitu ila saruji. Pale palipoachwa udongo kidogo, pameoteshwa ukoka na maua yaliyonunuliwa katika vitalu vya miche kando ya barabara. Mchicha, matembele na mchaichai vimehamishiwa sokoni, kana kwamba mboga ikionekana na mgeni ni aibu kwa mwenye nyumba. Sisemi haya kwa kuwalaumu wenye nyumba hizo, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Tena kosa langu lilikuwa kubwa zaidi, kwani bustani niliyoing'oa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama yangu.

Nyumba yetu iko Temeke, jijini Dar es Salaam. Ni nyumba ya Kiswahili ya siku nyingi: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma ni uani, palipo jiko, choo na bomba la maji. Baba alipofariki, mama alibaki humo, nami nikabaki naye pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Uani mama alikuwa na mlimau mmoja, shada la mchaichai kando ya bomba, tuta la matembele, pilipili mbuzi katika sufuria iliyotoboka, na mirehani mitatu chini ya dirisha lake. Haikuwa bustani iliyopangwa. Mtu asiyejua angeweza kuiita magugu, na mimi niliyekuwa nimetoka chuoni na kuanza kupata kipato ndivyo nilivyoiita.

Nilipoikarabati nyumba, nilimleta fundi akatandaza matofali madogo ya saruji karibu ua mzima. Mlimau ulikatwa. Mahali pa matembele nilipanda ukoka, na ukutani nikaweka mitende ya mapambo isiyozaa tende. Mama alisema maneno machache tu: "Nyumba ni yako, baba, fanya uonavyo." Sikufahamu wakati ule kwamba mzazi anaweza kukataa kwa kukubali.

Haikuchukua muda nikaanza kuona nilichokifanya. Saruji ililipokea jua la mchana na kulitunza hata baada ya Isha, nasi tuliozoea kupunga upepo uani tukawa tunakimbilia ndani. Kila siku tukawa tunatoa fedha kwa ajili ya fungu la mboga, ndimu na pilipili, vitu ambavyo havikuwa na bei katika nyumba ile tangu nilipozaliwa. Na mama, ambaye alikuwa akiketi chini ya mlimau kila alasiri na uradi wake mkononi, aliacha kutoka nje.

Jioni moja ya Ramadhani, binti wa jirani alibisha hodi. Alikuwa ametumwa na bibi yake majani ya mchaichai kwa ajili ya chai ya futari. Mke wangu alimwambia kwa upole kuwa hatuna tena. Mtoto alisimama kidogo akitazama pale mchaichai ulipokuwa, kisha akaenda zake. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alisema bila ya kunitazama: "Miaka thelathini mlango huu haujamrudisha mtu kwa jani la mchaichai."

Sikula futari ile kwa raha.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Katika siku zile zile nilikuwa nikiandaa darsa ya tafsiri ya baada ya Alfajiri, nasi tulikuwa tumefika Suratur-Rahman. Mwanzoni mwa sura hiyo Allah (S.W.) anataja namna alivyoiweka ardhi kwa ajili ya viumbe, na kuwa ndani yake mna matunda, na mitende yenye mafumba, na nafaka zenye makapi, na rehani. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi tangu utotoni, lakini safari hii niliduwaa mbele yake. Nafaka, ambayo ni chakula, na rehani, ambayo ni harufu nzuri, zimetajwa bega kwa bega katika aya moja.

Nilipofungua vitabu vya tafsiri, nilikuta jambo lililonishangaza zaidi. Wafasiri wametofautiana juu ya maana ya neno rehani mahali hapo. Wako waliosema ni mmea wenye harufu nzuri tunaoujua, na wako waliosema makusudio yake ni riziki. Imamu Tabari amezitaja kauli zote mbili. Basi neno hilo moja limeweza kubeba chakula na uzuri kwa pamoja, ilhali mimi nilikuwa nimevitenga vitu hivyo kwa tofali na saruji.

Aya nyingine zilinielekeza huko huko. Katika Suratun-Naml, aya ya 60, bustani zinazooteshwa na mvua zimesifiwa kuwa ni bustani zenye kupendeza. Katika Suratul-An'am, aya ya 99, baada ya kutajwa makole ya mitende, mizabibu, mizaituni na mikomamanga, tunaamrishwa kuyatazama matunda yake yanapozaa na kuiva. Zingatia, ndugu msomaji: mahali hapo tumeamrishwa kutazama. Kisha katika aya ya 141 ya sura hiyo hiyo ndipo inapokuja ruhusa ya kula, na amri ya kutoa haki ya mazao siku ya kuvunwa, na katazo la israfu. Ndani ya sura moja mna macho, mna tumbo na mna haki ya mwingine. Bustani ya Muislamu inapaswa kuvitosheleza vyote vitatu.

Na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), amefundisha kuwa Muislamu hapandi mti wala haoteshi mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, isipokuwa huandikiwa sadaka. Mitende yangu ya mapambo ilikuwa haimlishi ndege wala mtu. Sisemi kuwa maua ni haramu, Allah aniepushe na kuharamisha alichokihalalisha. Nasema tu kwamba nilikuwa nimeuziba mlango wa sadaka uliokuwa ukifunguka wenyewe kila siku.

Baada ya Idi nilimwomba mama radhi. Kisha nilimwita fundi yule yule arudi kung'oa robo tatu ya matofali aliyoyapanga kwa mkono wake. Alicheka sana, nami nilistahili kuchekwa.

WALIVYOPANDA WALIOTUTANGULIA

Kabla ya kueleza tulivyopanga ua wetu, inafaa ikumbukwe kuwa fikra ya kuiweka mboga mbali na uzuri haikutoka kwa Waislamu wa zamani. Katika Andalusia, Ibn al-Awwam wa Sevilla aliandika katika karne ya 12 kitabu kikubwa cha kilimo, Kitab al-Filaha, ambamo miti ya matunda, mboga na mimea ya harufu vyote vimepewa nafasi. Mnamo mwaka 1348, Ibn Luyun wa Almería alitunga utenzi wa elimu ya kilimo, na humo akaeleza pia namna ya kuipanga bustani iliyozunguka nyumba. Huko Granada, kando ya kasri ya Generalife waliyoijenga wafalme wa ukoo wa Nasri, yako mashamba ya mboga na matunda ambayo yanalimwa hadi leo. Mfalme aliyekaa barazani hapo akisikiliza maji yakitiririka alikuwa akitazama mboga zake.

Karibu nasi zaidi, ndugu zetu wa Oman wamejenga bustani zao kwa mifereji ya falaj, ambapo maji ya jamii hugawanywa kwa zamu hadi kuifikia mitende na mindimu. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Na hapa pwani yetu, bibi zetu hawakuhitaji kitabu. Asumini na rehani walizipanda karibu na dirisha, mchaichai karibu na bomba, na mstafeli pembeni mwa ua. Yale niliyoyaita magugu yalikuwa na elimu yake.

KUPANGA UA

Ua wetu una urefu wa hatua 9 na upana wa hatua 6. Tulikubaliana na mama kwamba yeye atachagua cha kupanda, nami nitasimamia mpangilio ili mahali pawe nadhifu. Makubaliano hayo yalitufaa, kwa kuwa bustani ya chakula huonekana mbaya pale tu mimea inapochomekwa ovyo. Ikipewa safu, kingo na njia ya kupita, haizidiwi na bustani yoyote ya maua.

Kanuni ya kwanza ni urefu. Mimea mirefu ikae ukutani, ya kati ifuate, na mifupi iwe mbele, ili jicho lipande kama linavyopanda ngazi na kila mmea upate jua. Ukutani tulipanda mlimau, mkomamanga na mipapai. Mkomamanga una maua mekundu mazito yasiyohitaji kusifiwa. Kwa mlimau, nunua mche uliobebeshwa, kwani huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu, wakati ule uliooteshwa kwa mbegu unaweza kukuchelewesha miaka mingi. Kwa papai, panda miche mitatu pamoja, kwa sababu mingine hutokea kuwa dume. Ikishachanua utaijua: dume hutoa vishada virefu vya maua madogo yanayoning'inia, na jike hutoa maua makubwa yaliyokaa shinani mwa majani. Ondoa madume, ukibakisha mmoja iwapo majirani hawana mipapai.

Katikati tulipanda bamia, biringanya, pilipili na choya, ambayo wengine huiita rozela. Watu wengi hawajapata kulitazama ua la bamia: lina rangi ya manjano mpauko na jicho la zambarau katikati, na linafanana na ua la haiba, ambalo ni la jamaa yake. Biringanya hutoa ua la zambarau. Choya hugeuka nyekundu kuanzia shina hadi vikombe vya maua, na vikombe hivyo ndivyo tunavyovikausha kwa sharubati ya futari. Manjano na tangawizi tuliviweka kwenye kivuli cha mlimau, kwani huvumilia upungufu wa jua, na majani ya manjano ni mapana na ya kupendeza kuliko mengi yanayouzwa kama mapambo.

Mbele, badala ya ukoka, tulirudisha matembele. Hutambaa na kuifunika ardhi yote, huzuia magugu, na kila unapochuma ncha zake huchipua zaidi. Vipande vya shina vya urefu wa shibiri moja na nusu vikichomekwa katika udongo wenye unyevu, huanza kuchumwa baada ya wiki tano au sita. Pembeni ya njia tulipanda mchicha mwekundu na mchicha wa kijani kwa kupokezana, mstari kwa mstari. Mchicha huwa tayari katika wiki tatu hadi nne, kwa hiyo usisie mbegu zote siku moja. Sia mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, ndipo utakapokuwa na mboga mfululizo badala ya kujaa mara moja kisha kukosa.

Juu ya mlango wa jiko tulijenga kichanja cha fito na kupandisha mpasheni. Ua lake ni la ajabu, na kivuli chake kimelipoza jiko. Kwa wale wasio na ardhi kabisa, wanaoishi katika nyumba za kupanga au ghorofani, ndoo kuukuu, beseni lililopasuka na hata mfuko wa saruji vinatosha kwa rehani, mnanaa, kotimiri, vitunguu majani na pilipili. La lazima ni matundu chini ili maji yasituame, na jua la angalau nusu ya mchana.

Rehani za mama zilirudi chini ya dirisha lake. Hapo sikuruhusiwa kupanga chochote.

UDONGO, MAJI NA UDHU

Udongo wa Dar es Salaam, kama wa pwani nyingi, ni wa kichanga. Maji hupita upesi na huondoka na rutuba. Dawa yake ni mboji na samadi. Maganda ya ndizi, majani makavu na mabaki ya mboga ya jikoni yakirundikwa pembeni na kugeuzwa mara kwa mara, hugeuka mboji baada ya miezi michache. Samadi ya kuku ni kali na huunguza mizizi ikiwa mbichi, hivyo iachwe ioze kwanza. Juu ya udongo tandaza majani makavu au makumbi ya nazi, ili jua lisinyonye unyevu.

Hapa huulizwa swali la kisheria. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, kinyesi cha mnyama huhesabiwa kuwa ni najisi. Je, mboga iliyostawi kwa samadi ni halali? Jibu la wanazuoni ni kuwa mmea wenyewe ni safi na ni halali. Kinachotakiwa ni kuosha sehemu iliyoguswa na najisi, jambo ambalo mpishi yeyote makini hulifanya hata bila ya kuulizwa.

Ama maji, ndiyo gharama iliyonitisha zaidi, mpaka nilipoitazama ndoo iliyokuwa chini ya bomba letu. Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi, kwa mujibu wa madhehebu hayo, ni safi kwa nafsi yake ingawa hayafai kutawadhia tena. Hayana sabuni, hayana mafuta. Kwa mmea ni maji mazuri kabisa. Tuliweka beseni pana, na siku moja tukapima yaliyopatikana: nyumba ya watu sita ilijaza ndoo mbili za lita 20 kabla ya Isha. Hizo zilitosha kumwagilia matuta yote mara moja.

Lakini kipimo hicho kilinifunza pia somo jingine. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Anas (r.a.), alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo haifiki hata lita moja. Wingi wa maji katika ndoo zetu ulikuwa ushahidi wa israfu yetu. Tangu hapo watoto wamekuwa wakishindana nani atatawadha vizuri kwa maji machache, na bustani haijakauka. Mwagilia asubuhi mapema au baada ya Alasiri, na umwagilie shinani, si juu ya majani. Maji ya kufulia yenye sabuni kali au dawa ya kung'arishia nguo yasipelekwe kwenye mboga za majani. Na usipande mboga karibu na shimo la choo, hata kama hapo ndipo penye unyevu.

WADUDU, MBU NA NYOKA

Wadudu waharibifu, hasa vidukari wanaojificha chini ya majani, tunawakabili kwa majani ya mwarobaini. Yatwange, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, kisha nyunyiza jioni wakati nyuki wamekwisha kurudi mizingani. Majivu ya jikoni nayo husaidia. Dawa za dukani zisikaribishwe katika ua ambao watoto huchuma na kula wakiwa wamesimama.

Akina mama wengi wameniambia kuwa wanaogopa bustani kwa sababu ya mbu. Hofu hiyo ina msingi. Jiji letu lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza huzaliana katika maji safi yaliyotuama, yakiwemo yale ya visahani vinavyowekwa chini ya makopo ya maua. Basi ondoa visahani hivyo, funika madumu, na usiache maji ya udhu yalale kwenye beseni usiku. Anayezalisha mbu ni maji yaliyosimama, na bustani inayotunzwa haina maji ya namna hiyo. Kwa upande wa nyoka, pogoa matawi ya chini ili mwanga ufike ardhini, na usirundike kuni wala matofali pembeni.

Inafaa pia tuambizane kuwa baadhi ya mimea ya mapambo inayopendwa mijini ni sumu. Oleanda, yenye maua ya waridi, ni sumu kuanzia jani hadi mzizi, na nyumba yenye mtoto anayetambaa haina haja nayo. Katika mimea ya chakula, kisamvu na fiwi lazima vipikwe vizuri, visiliwe vibichi. Waelimishe watoto mapema ni jani gani linachumwa na lipi linaachwa.

FUNGU LA JIRANI

Mazao ya ua mdogo kama wetu, mboga na matunda ya kila siku, hayana zaka kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kwani zaka ya mazao imewekwa katika vyakula vikuu vinavyohifadhika, pamoja na tende na zabibu, vinapofikia kiwango chake. Kukosekana kwa zaka hakufuti haki ya jirani. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Abu Dharr (r.a.), kama alivyopokea Muslim, kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke majirani zake. Ikiwa mchuzi huongezwa maji kwa ajili ya jirani, basi tuta nalo liongezwe mstari mmoja kwa ajili yake.

Sisi tumeufanya mstari huo uwe wa kweli. Mchicha ulio karibu na mlango wa uani haupikwi nyumbani kwetu. Ni wa yeyote anayebisha hodi. Na kwa rehani tumepata rahisi zaidi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kuwa anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Kila mgeni wa mama huondoka na kitawi.

Mwaka jana jambo hili liliingia msikitini kwetu. Kamati ilikuwa na ajenda ya kusakafu eneo lote la pembeni, ambapo maji ya udhu yalikuwa yakitiririka na kufanya tope. Kama katibu, nilikuwa nimekwisha kuandika makadirio ya saruji. Niliomba ruhusa ya kusema, nikawaeleza wazee habari ya ua wetu, pamoja na yale ya fundi kunicheka. Mjadala ulikuwa mrefu. Mzee mmoja alihofia kuwa watoto wa madrasa wataligeuza eneo kuwa uwanja wa vurugu, na mwingine aliuliza swali zito: ardhi hii ni wakfu, je, papai la msikiti ni la nani?

Swali hilo ndilo linalopaswa kujibiwa kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Wanazuoni wamesema kuwa mti uliopandwa msikitini kwa nia ya kuliwa na watu, watu hula bila ya malipo. Isipojulikana nia ya aliyeupanda, baadhi yao wameyaelekeza matunda yake katika maslahi ya msikiti. Kwa hiyo tuliiandika nia hiyo katika kumbukumbu za kikao: mboga na matunda ya eneo lile ni sadaka kwa wanafunzi wa madrasa, wajane na yeyote mwenye haja, na miti isiyazuie maeneo ya kuswalia wala njia. Nusu ya eneo ilisakafiwa na nusu iliachwa udongo. Maji ya udhu sasa yanapita katika mfereji mfupi hadi kwenye migomba na matembele, na tope limekwisha. Mkomamanga ulioko karibu na dirisha la madrasa umepandwa na yule mzee aliyehofia vurugu. Huumwagilia mwenyewe.

Wasomaji wapenzi, mvua za vuli haziko mbali, na huo ni wakati mzuri wa kuanza. Huhitaji kung'oa saruji yako yote kama nilivyolazimika mimi. Anza na ndoo moja ya rehani na mstari mmoja wa mchicha, mahali ambapo mgeni ataviona. Na kama nyumba unayoiendeleza ina mzazi ndani yake, muulize kwanza nini kiko chini ya dirisha lake na kwa nini.

Mama amerudi kuketi nje kila alasiri. Mlimau mpya bado haujatoa kivuli cha kumtosha, kwa hiyo anakaa chini ya kichanja cha mpasheni. Wiki iliyopita binti wa jirani alikuja tena na bakuli, sasa amekua. Hakubisha hodi jikoni. Alimsalimu mama, akaenda moja kwa moja kwenye mchaichai, akakata alichotumwa.

Wabillahi Tawfiq.